Usicheke kabla hujamtazama usoni

Mwanangu Rehema,

Jana nimekuona ukigawa nguo zako, ndipo nikaamini safari imefika. Nakuandikia kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utacheka, na hicho kicheko ndicho kinachoninyima usingizi.

Huko Uingereza unakwenda kutunza wazee. Mzee akikwambia "I feel funny", usicheke. Hapo funny si la kuchekesha. Anakwambia mwili umembadilikia, na huenda mwenyewe hajui ni nini. Ukisikia bibi fulani "had a funny turn" usiku, ujue alishikwa na kizunguzungu au alitaka kuzimia. Mara nyingine huwa ni kiharusi kidogo, kinapita chenyewe, halafu kikubwa kinaweza kufuata. Mtazame: uso umelegea upande mmoja? Mikono yote miwili inainuka? Maneno yanatoka sawasawa? Ukiona hitilafu hata moja, piga 999, namba yao ya dharura, papo hapo. Usingoje msimamizi wako amalize chai.

Hata wenye lugha yao funny huwachanganya, utawasikia wakiulizana: "Funny ha-ha or funny peculiar?" Yaani la kuchekesha, au la kustaajabisha? Maziwa yakiwa na "funny smell" yameharibika, mwaga. Bosi akikwambia "Don't get funny with me", anakukanya jeuri. Nakujua kwa kujibu, siku hiyo nyamaza. "Funny business" ni ujanjaujanja, kaa nao mbali. Aliyejigonga "funny bone" kaumia kiwiko tu, ganzi itamwisha.

Alama zako za Kiingereza nilizitangaza mtaa mzima, na sijachoka kuzitangaza. Lakini kile kilikuwa Kiingereza cha mtihani, na wewe tangu mdogo hupendi kuuliza, unaitikia tu "ndiyo mama" na hujaelewa. Huko uliza. Wakikuona mshamba, shauri yao. Kicheko chako nenda nacho, nyumba za wazee zinakihitaji, ila mtu akitamka hilo neno funny, kwanza uso wake, kicheko baadaye.

Sweta la kijivu nimelifua, liko juu ya sanduku. Pilipili ya kusaga nimeifunga mifuko miwili, iweke kwenye begi kubwa. Fundi wa bati za jikoni anataka nusu ya hela kabla hajaanza. Nimemwambia amsubiri baba yako arudi kutoka Muheza. Na mjomba wako anapita alfajiri kukupeleka stendi, kwa hiyo usiku wa kuamkia safari sitaki kusikia habari za kusuka nywele.

Mama yako