Kwa Nini Mzee Anayumba Umeme Ukikatika

Wazee wengi wanaoletwa kwetu kwa mazoezi tiba hapa Mtwara wana malalamiko yanayofanana: mchana anatembea vizuri, usiku umeme ukikatika anashika ukuta. Presha imepimwa, damu imepimwa, mwisho anaambiwa ni uzee tu. Jibu hilo hatuliafiki. Giza lenyewe linatuonyesha pa kuanzia.

Ili usimame wima, ubongo hupokea taarifa za macho, za nyayo na viungo, na za sikio la ndani. Kila sikio lina mifereji mitatu ya majimaji inayohisi kichwa kinavyogeuka, na vifuko viwili vyenye chembe za chokaa vinavyohisi mwinamo. Shina la ubongo na ubongo mdogo hulinganisha taarifa hizo papo hapo, na huegemea zaidi ile ya kuaminika kwa wakati huo. Kwenye mchanga laini wa Shangani nyayo hazina uhakika, basi macho na masikio huongezewa kazi. Ukiwa kwenye boti ya Msanga Mkuu umeinamia simu, macho yanasema umetulia, masikio yanasema unapanda na kushuka. Hapo kichefuchefu huanza.

Sasa mwenye kisukari cha miaka mingi huenda nyayo zimeingia ganzi. Mwingine sikio limedhoofika. Wote wanategemea macho bila kujua, ndiyo maana hata kufumba macho wakati wa kunawa uso huwayumbisha.

Tunampima akiwa amesimama miguu pamoja, macho wazi, kisha amefumba, kisha juu ya sponji, nasi tuko karibu kumdaka. Baada ya hapo ni mazoezi: kukazia macho herufi ukutani huku akigeuza kichwa, kusimama penye ulaini. Mwanzoni kizunguzungu huongezeka kidogo, na wengi hukata tamaa hapo. Tafadhali msiwaruhusu waache. Ubongo hujirekebisha kwa kukutana na hali hiyohiyo.

Chumba kikizunguka kwa sekunde chache anapojigeuza kitandani au anapokwenda sijida, mara nyingi chembe za chokaa zimehamia kwenye mfereji. Hiyo hutibiwa kwa kugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, na wengi hupona bila vidonge.

Lakini kizunguzungu cha ghafla chenye mdomo kupinda, ulimi mzito au mkono kukosa nguvu, msije kwetu. Nendeni hospitali ya Ligula saa hiyohiyo.

Wengine, njooni na dawa zote mnazotumia, na mtu wa nyumbani wa kusimamia mazoezi.