Kibandiko cha simu hakilindi damu

Kwa Mhariri,

Hapa Mombasa kuna wanaouza vibandiko vya nyuma ya simu vinavyodaiwa kuzuia mionzi yake, pamoja na makopo ya vidonge vya "kurudisha antioksidanti zilizoliwa na mionzi", yaani kinga za mwili dhidi ya uharibifu wa oksijeni. Ukiwabana wanakutajia tafiti za panya, na tafiti zenyewe zipo: panya wanapigwa mawimbi ya redio, damu inapimwa, katalasi na glutathioni, ambazo ni kinga hizo, zinaonekana zimeshuka, malondialdehaidi, yaani masalio ya mafuta ya seli yaliyoharibiwa na oksijeni, imepanda. Shida imo kwenye kupima.

Malondialdehaidi kwa kawaida hupimwa kwa kuchemsha sampuli na asidi ya thiobabituriki, nyuzi 95 hivi, mpaka itoke rangi ya waridi, inayosomwa kwenye mwanga wa nanomita 532. Sasa chukua damu iliyovutwa kwa pupa kwa sindano nyembamba, ikatikiswa, ikasahauliwa kwenye joto badala ya barafu. Chembe nyekundu zinapasuka. Majimaji ya juu, ambayo yangekuwa ya manjano hafifu, yanageuka kama sharubati ya rozi. Hemoglobini humeza mwanga jirani kabisa na huo wa 532, na chembe hizo zimejaa katalasi. Hapo tyubu inakupa habari za sindano, si za simu. Tena kule kuchemsha peke yake huzalisha malondialdehaidi zaidi, kama hukutia kwanza dawa ya kuzuia mafuta yasiendelee kuharibika.

Panya naye akibanwa kwenye bomba asigeuke, fadhaa hiyo tu yatosha kuvuruga vipimo. Ndiyo maana lazima wawepo wenzake waliobanwa vivyo hivyo antena ikiwa imezimwa, na mpimaji asijue tyubu ipi ni ya nani. Kutupia simu iliyowashwa chini ya kizimba si utafiti: simu hupandisha na kushusha nguvu yenyewe, kwa hiyo wati kwa kilo, yaani nguvu ya mawimbi inayomezwa na kila kilo ya mwili, hazijulikani. Uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliotoka 2024, uliona ushahidi huu wa oksidishaji, yaani uharibifu wa oksijeni, una uhakika mdogo mno. Lile kundi la 2B, la vitu "huenda vinasababisha saratani", ambamo mawimbi ya redio yaliwekwa mwaka 2011 na linalotajwa sana, lilihusu saratani, si oksidishaji, na ndani yake mna hata achari za mboga za jadi za Asia.

Kibandiko kikizuia mawimbi kweli, simu huongeza nguvu ili isikike mnarani, hadi wati 2 kwenye GSM (mtandao wa 2G) ya megahezi 900. Kisipozuia, umenunua karatasi. Mwenye wasiwasi aongee kwa spika, simu ikiwa mbali na kichwa, na asiongee sana mahali mtandao unapokatikakatika. Vidonge tusivichezee: Finland, matokeo ya 1994, wavutaji sigara waliopewa miligramu 20 za beta-karotini, antioksidanti mojawapo, kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao wasiopewa.

Na wapangaji wa ghorofa lenye antena ya mtandao wa simu juu wasihofie sana chumba kilicho chini yake, maana antena hurusha mbele, si chini. Wa kuangaliwa ni fundi wa tangi la maji au mpaka rangi anayesimama mbele yake. Mwenye nyumba ampigie mwenye mnara azime upande ule kabla fundi hajapanda ngazi.

Wapimaji wa maabara,
Mombasa