Mpishi wa Livingstone

Lexington, Kentucky

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kung'ata. Uliniuliza kwenye ule ujumbe wa sauti kama nina starehe yoyote zaidi ya kazi na kulala. Ulinikuta nimetoka zamu ya usiku, sina hata nguvu ya kucheka. Leo nimepumzika, nakujibu kwa maandishi, maana jambo lenyewe refu na lina kazi yako ndani yake.

Alhamisi jioni nilimpeleka mwanangu maktaba ya mtaani akafanye kazi ya shule. Nilikuwa nafuata joto tu, sikufichi. Mlangoni pamebandikwa tangazo: onyesho la historia ya Kentucky, kuingia bure. Nikasema, cha bure hakikataliwi. Ndani kuna watu kama arobaini, vizee watupu, viti vya kukunja, birika la kahawa na biskuti. Mimi nikazoea kwamba onyesho ni spika na taa. Mbele pale kulikuwa na kiti kimoja cha mbao na kapu, basi.

Akaingia mama mweusi, gauni mpaka chini, kilemba cheupe. Hakusema "habari za jioni". Alikaa, akatoa kitambaa kwenye kapu, akaanza kukikunja na kukikunjua. Kisha akasema: mimi ni Charlotte Dupuy, nimemshtaki bwana wangu.

Bwana mwenyewe, shoga, ni Henry Clay. Huku ni kama mtakatifu wa mji. Alikuwa Spika wa Bunge la Marekani, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, akagombea urais mara tatu na mara zote tatu akatupwa. Shamba lake la Ashland lipo hapa hapa Lexington, nyumba imekuwa makumbusho, basi langu la kwenda kazini linapita karibu. Huko walikuwa wanalima hempu ya kusokotea kamba. Ukoo mmoja na bangi, na nilipomweleza mama yangu kwenye simu kwamba utajiri wa mji huu ulitoka kwenye bangi alikata simu kabla sijamaliza.

Sasa Charlotte alikuwa mtumwa wa nyumbani mwa Clay. Alizaliwa Maryland, na madai yake ni kwamba bwana wake wa awali alimwahidi uhuru, kisha akamuuza kwa Clay mwaka 1806, alipokuwa ameshaolewa na Aaron, mtumwa wa Clay. Mwaka 1829 Clay anamaliza uwaziri, anafunga mizigo Washington arudi Kentucky, Charlotte akaenda mahakamani kudai uhuru wake na wa watoto wake wawili. Wote wakiwa bado chini ya paa moja! Hebu jiweke wewe: asubuhi unampelekea mtu chai, mchana wakili wako anamshtaki.

Mahakama ikaamuru abaki Washington mpaka kesi iishe. Clay akaondoka, Aaron akaondoka naye. Charlotte akabaki kwenye nyumba ile ile, mkabala na Ikulu, akimfanyia kazi kwa mshahara waziri aliyefuata, Martin Van Buren, huyo aliyekuja kuwa rais. Mwaka 1830 akashindwa kesi. Akaambiwa rudi kwa bwana wako. Akagoma. Clay akaagiza afungwe, kisha akasafirishwa mbali kabisa mpaka New Orleans, kwa binti yake Clay. Uhuru aliupata mwaka 1840, yeye na bintiye. Mwanawe wa kiume akangoja mpaka 1844.

Hayo yote ungeweza kuyasoma kitabuni ukapiga miayo. Kilichonikalisha ni kilichofuata. Alipomaliza hakuinama kupigiwa makofi. Alikaa pale pale, akasema sasa niulizeni. Ukimuuliza, anakujibu Charlotte, siyo mwigizaji. Kuna mtoto akamuuliza kama alikuwa anamchukia Clay. Mama akanyamaza, kitambaa kikasimama mkononi, mpaka nikasikia mashine ya kahawa inachemka. Akasema yeye ndiye aliyekuwa anajua Clay anapenda mayai yake yaive vipi, na Clay ndiye alikuwa hamjui Charlotte hata kidogo. Pembeni yangu kulikuwa na mama wa Uvira (Wakongo ni wengi mno hapa, kuna siku unapita dukani husikii Kiingereza), akaninong'oneza: "Ule mama hakuogopaka."

Mimi nikanyoosha mkono. Kiingereza changu unakijua, kinatembea kwa magongo. Nikamuuliza habari za Aaron: mumeo alikuwa upande gani? Akanitazama muda. Akaniambia Aaron alikuwa upande wa waliokwenda na gari la farasi, na kwamba hilo ni swali anajiuliza na yeye. Wazee wakageuka kuniangalia kama nimesema kitu cha maana. Nilijisikia, si uongo.

Baada ya hapo akavua kilemba, akawa mtu mwingine kabisa, kicheko kikubwa, na sasa ukimuuliza anakujibu kama mtafiti: hili lipo kwenye kumbukumbu za mahakama, hili nimelijaza mwenyewe. Lile la mayai alikiri kalijaza mwenyewe. Nikampenda zaidi. Wangapi kwetu wangekubali kusema hivyo?

Utaratibu huu wanauita Chautauqua. Jina limetoka kwenye ziwa la huko New York, ambako mwaka 1874 walianza makongamano ya walimu wa shule za Jumapili, baadaye mahema yakawa yanazunguka nchi nzima na wahubiri, wanamuziki na wasemaji. Mahema yalikufa zamani. Hapa jimboni baraza la Kentucky Humanities ndilo lililolihuisha jina, lina kundi zima la watu wa namna hii, wanakwenda shuleni, maktaba, makanisani. Mwezi wa Aprili 2025 serikali kuu ilifuta ruzuku za mabaraza kama haya majimbo yote, ndiyo maana kabla ya kutoka tulipitishiwa kikapu. Nilitia dola tano. Zinauma, lakini nilitia.

Sasa kazi yako. Wewe unafundisha historia, una klabu ya maigizo, na shule yako iko mwendo wa dakika chache kutoka kwenye ile miembe ya Livingstone, yule mmisionari Mskoti, hapo Ujiji. Unakumbuka tulivyopelekwa darasa la tano? Yale masanamu mawili yamevuliana kofia, mwongozo anasema Novemba 1871, Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, akafika, tukaandika, tukanunua ubuyu, tukarudi. Nani mwingine alikuwepo pale barazani hatukuuliza.

Nimesoma kazini wakati wa mapumziko, vitabu vya Stanley na shajara za Livingstone ziko bure mtandaoni. Alikuwepo Halima. Mpishi wa Livingstone. Stanley anaeleza jinsi alivyokuwa anachungulia kutoka jikoni kuhakikisha kama kweli kuna Wazungu wawili barazani, maana yule mmoja wa siku zote alikuwa hali chakula. Majirani Waarabu wakaleta sinia zao, kuku wa mchuzi, mbuzi na wali. Na sikiliza hili: mwaka 1872 Livingstone anaandika kwamba atamwacha Halima huru, na wakifika Zanzibar atamnunulia nyumba na bustani. Mei 1873 Livingstone akafa huko Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma wakaibeba maiti mpaka Bagamoyo, na hao wanatajwa kila mahali. Ahadi ya Halima iliandikwa kwenye shajara.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Charlotte na Halima, ahadi ile ile!

Basi tafuta msichana mmoja kwenye klabu yako, asiwe yule mwenye sauti kubwa, awe anayejua kunyamaza. Mpe kanga, kinu, na kigoda. Usimwandikie maneno ya kukariri. Mpe hizo kurasa asome, kisha muwaachie wanafunzi wamuulize. Wataanza na ujinga, waache, kwenye swali la saba au la nane ndiyo watafika. Na akishavua kanga aseme lipi limetoka kitabuni na lipi amelijaza.

Kuna moja tu limenishinda. Vitabu vinasema mgonjwa alikuwa hali, havisemi Halima alikuwa anamjaribia nini. Muulize bibi yako, yeye amepika Ujiji miaka sabini: mtu asiyeshika chakula tumboni ungeanza naye na nini, supu ya migebuka bila mawese, au uji? Nijibu kwa sauti ya bibi mwenyewe, usinifupishie.

Shoga yako