Mama mboga naye husimamisha kisu

Mdogo wangu,

Jumapili uliniambia kwenye simu kwamba kichwa chako kimeharibika. Eti ukifungua kitabu cha uhasibu, dakika tano haziishi kabla hujashika simu, na ukija kuzinduka ni saa sita usiku, chai imepoa na ukurasa ni ule ule. Sikukujibu vizuri kwa sababu nilikuwa nakusikiliza huku nasoma meseji za chama. Ndiyo, mimi. Basi nakujibu leo, tena hadharani, kwa kuwa nawajua wengine wa rika lako wanaolia kilio hicho hicho.

Kichwa chako ni kizima. Ila kuna hoja moja uliyoitoa ikanikaa: kwamba mama mboga wa hapo getini kwenu hukata sukuma, huongea na wateja watatu na hupokea simu, vyote kwa pamoja, kwa hiyo wewe nawe utashindwaje kusoma na video zikiendelea pembeni. Nilipokuja kwenu mtaani Umoja wiki jana nilisimama pale kwake makusudi. Kweli, kisu kinakwenda mbio. Majani ameyakunja msokoto mmoja, nyuzi nyembamba zinaanguka kwenye mfuko, na macho yake yako kwa wapita njia, anawasalimu kwa majina. Mkono umekata sukuma miaka mingi, haumhitaji tena. Halafu mteja akatoa noti ya mia mbili, kwa sukuma ya ishirini, nyanya za thelathini na dania ya kumi. Kisu kikasimama. Hadithi aliyokuwa akiisimulia ikakatika katikati. Midomo ikachezacheza kidogo, akasema "mia na arobaini," akatoa chenji, ndipo kisu kikaendelea.

Umeona? Mizania yako ya uhasibu inayokataa kulingana si kama kukata sukuma, ni kama kuhesabu chenji. Mambo mawili yanayohitaji kufikiriwa hayaendi pamoja. Akili huruka kutoka hili hadi lile, na kila mruko una nauli yake. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy aliandika kuhusu masalio yanayobaki: ukiiacha kazi moja ukaingia nyingine, sehemu ya fikira zako hubaki kule ulikotoka. Ukijibu "umefika?" kwa sekunde kumi, unarudi kitabuni huku kichwa bado kinangoja jibu. (Usinitajie mshika mawili. Methali hiyo umeijua tangu darasa la nne na haijakusaidia kitu.)

Lakini usijipige sana. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho; ulifika chini, ukabonyeza kwenda unaofuata, na pale ndipo ulipokumbuka una kazi. Mwaka 2006 mbunifu wa programu Aza Raskin akabuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unaposhuka, na baadaye amesema wazi kwamba anajuta. Umepanda matatu isiyo na steji ya mwisho, halafu unajilaumu kwa nini hushuki.

Kwa hiyo simu itoke chumbani. Isiwe kimya, isiwe kifudifudi, itoke. Mimi yangu huingia kwenye sufuria ya ugali jikoni, na kifuniko juu. Wewe jikoni ni hatua mbili kutoka kitandani, hivyo mwachie jirani unayemwamini, au uiache nyumbani uende maktaba ya Buruburu.

Kisha anza na kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja wa Italia, Francesco Cirillo, alikuwa na shida kama yako, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya (nyanya tena!) na baadaye mtindo wake ukatulia kwenye dakika 25 za kazi na mapumziko mafupi. Wewe usianze na 25. Kumi zinatosha, mradi ziwe kumi za kweli.

Na akili itatoroka tu, hata simu isipokuwapo. Hapo ndipo nilipokosea miaka yote: nikidhani aliyetulia ni yule ambaye mawazo yake hayaendi popote. Tangu mwaka 1890 mwanasaikolojia William James alishaandika kwamba uwezo wenyewe ni kuirudisha akili iliyotanga, tena na tena. Mimi huweka karatasi upande wa kushoto. Wazo likija naliandika kwa neno moja, narudi. Siku ya kwanza, ndani ya dakika 25, karatasi ilikuwa na mambo kumi na moja: gesi, viatu vya mtoto, kwa nini shangazi hajanijibu, gesi tena, yule mwanamume wa kwenye matatu aliyefanana na mjomba, na mengine ninayoyaona aibu kuyaweka hapa. Yakishaandikwa hunyamaza, kwa sababu hayaogopi tena kusahauliwa. Mwezi umepita na bado napata sita. Kuna siku napata saba.

Jumamosi asubuhi nakuja na ile saa ya kengele ya mama, ya kuzungushwa kwa mkono. Inapiga kelele kama jogoo aliyekabwa. Waombe majirani radhi mapema. Tayarisha karatasi mbili, yako na yangu, na simu utanikabidhi mlangoni kabla hata ya salamu.

Dada yako