Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Madaftari ya Nasaba

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mmeshazipokea kutoka kwa mweka hazina, nami sina la kuongeza. Taarifa yangu inahusu madaftari ya nasaba, yaani kumbukumbu za wazazi na uzao wa wanyama wa bustani zetu, hasa kasoro iliyotusumbua kuliko hata fomu zinazochelewa: nafasi zilizopaswa kuachwa wazi zinajazwa kwa kubahatisha.

Linaloongoza ni kosa la baba. Twiga jike anahamishwa, hakuna anayejua kama ana mimba. Miezi 11 baadaye anazaa kwenye bustani mpya, na baba anaandikwa dume wa pale, kwa kuwa ndiye dume pekee aliyepo. Mimba ya twiga huchukua miezi 15 hivi! Baba yuko kule jike alikotoka. Madhara yake hujitokeza baadaye: ndama huyo akikua na kuoanishwa na mtoto mwingine wa dume yule wa zamani, programu ya kompyuta inayokokotoa undugu itaonyesha kiwango cha uzao wa ndugu cha mtoto wao kuwa 0, kumbe wazazi ni ndugu wa baba mmoja na kiwango halisi ni 0.125. Kwa hiyo, kabla ya kuandika baba, chukua tarehe ya kuzaliwa, rudi nyuma kwa muda wa mimba ya spishi hiyo, kisha tazama mama alikuwa wapi na alikuwa na nani. Kwa nyoka na kobe hesabu hiyo haitoshi, maana majike wengine huhifadhi mbegu za dume kwa miaka. Hapo orodhesheni madume wote aliowahi kukaa nao, na msubiri kipimo cha DNA.

Utetezi tunaousikia ni kwamba “dume alikuwa humo humo bandani.” Mwaka 2021 watafiti waliripoti makinda wawili wa kondori wa California, ndege wakubwa wanaofanana na tumbusi, waliotokana na mayai ambayo hayakurutubishwa na dume yeyote, ingawa mama zao waliishi na madume wenye uwezo wa kuzalisha. Kesi kama hizo ni nadra, lakini hizi zilionekana kwa sababu moja tu: sampuli za ndege wa mpango wa kuwazalisha kondori zilihifadhiwa na kulinganishwa na daftari.

Kosa la pili linaonekana dogo, nami naliona baya zaidi. “Porini” na “hajulikani” si kitu kimoja. Ukiandika kwamba wazazi wa mnyama ni wa porini, programu inamhesabu kuwa mwasisi, mwenye jeni zisizo na undugu na za mwingine yeyote. Kundi lenye waasisi 8 haliwezi kubaki na zaidi ya asilimia 93.75 ya uanuwai wa jeni, yaani tofauti za kurithi, wa chanzo chake; mwasisi mmoja wa uongo anapandisha kikomo hicho hadi 94.4 kwenye karatasi. Tukishajipimia hivyo, lengo la kubaki na asilimia 90 ya uanuwai huo kwa miaka 100 linaonekana jepesi kuliko lilivyo. Tena, mwasisi huyo hewa ndiye atakayepewa kipaumbele cha kuzalishwa, kwa sababu wastani wake wa undugu na wanyama wengine ndio mdogo kuliko wote.

Uchambuzi ukihitaji makisio, yawekwe kwenye nakala ya uchambuzi, pamoja na sababu zake. Daftari lenyewe lisiguswe.

Wanyama hewa wengine wanatokana na namba. Chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi ina namba ya tarakimu 15. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, mnyama mmoja anakuwa wawili: mmoja “aliondoka” asifike, mwingine “alifika” bila kutoka popote. Msinakili namba kutoka kwenye barua, someni chipu kwa mashine mnyama anapopokelewa. Jina la bandani si kitambulisho. Tarehe nazo ziandikeni mwezi kwa maneno, kwani 3/4 husomwa kwa namna mbili. Na watoto waliozaliwa wafu waandikwe, la sivyo vifo vya wachanga vitaonekana vichache kuliko vilivyo.

Wanaouliza usumbufu huu wote ni wa nini, watazame baisani wa Ulaya, ng'ombe mwitu wa misituni. Walitoweka porini mwaka 1927, na daftari lao la nasaba likatolewa 1932, la kwanza kwa mnyama wa porini. Wote walio hai wanatokana na waasisi 12. Mmoja wao alikuwa dume wa milima ya Kaukazi, na kwa kuwa uzao wake ulifuatiliwa, ukoo wenye damu yake na ule usio nayo, wa waasisi 7, vinatunzwa mbali mbali hadi leo.

Kwa mwaka ujao: orodha ya wanyama walio hai kufikia 31 Desemba imfikie mtunza daftari kabla ya 31 Januari, hata kama hakuna kilichobadilika, kwani kimya chenu hatuwezi kukitofautisha na kifo kisichoripotiwa. Uhamisho uripotiwe na pande zote mbili, anayetoa na anayepokea. Jike aliyekomaa asafiri na karatasi ya madume aliokaa nao, yenye tarehe. Tukipokea baba asiye na ushahidi, tutamrudisha kwenye “hajulikani” na kuwaandikia.

Mwenyekiti