Dawa ya kifafa na mifupa ya watoto wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo sisi wazazi wa watoto wenye kifafa hapa Lamu aghalabu hatuelezwi, nami nilikuja kulijua baada ya miaka minne. Binti yangu ana miaka tisa na anatumia fenobabitali tangu akiwa na mitano. Dawa imemfaa sana, kwani zamani alikuwa akianguka kila wiki na sasa hupita miezi hajaanguka. Hata hivyo, mwaka jana alianza kulalamika kwamba miguu inamuuma, akawa hapandi ngazi za nyumbani ila kwa kushika ukuta, nasi tukadhani ni uchovu wa dawa. Kila tulipokwenda kliniki tuliulizwa ameanguka mara ngapi, tukapewa dawa za mwezi, tukarudi nyumbani. Habari za mifupa hazikutajwa hata mara moja. Alipopimwa damu Mombasa ndipo tulipoambiwa kuwa vitamini D yake imeshuka mno.

Fenobabitali, kama zilivyo dawa nyingine za kifafa, fenitoini na kabamazepini, huchochea vimeng'enya vya ini, yaani kemikali zinazovunjavunja vitu mwilini, na vimeng'enya hivyo huivunja vitamini D upesi kuliko kawaida. Vitamini hiyo ikipungua, utumbo hushindwa kufyonza kalisi, madini yanayoifanya mifupa iwe migumu, ya kutosha katika chakula, na mwili hulazimika kuichukua kutoka mifupani, hata mifupa ya mtoto anayekua ikalainika, miguu ikapinda matege au mfupa ukavunjika kwa kishindo kidogo. Lililonitia hofu zaidi ni kwamba kalisi ikishuka sana katika damu, upungufu huo wenyewe waweza kumfanya mtoto atukutike na kuanguka, na mzazi akadhani kuwa dawa ya kifafa imeshindwa kazi.

Najua wapo watakaoshangaa, kwa kuwa jua letu halina msimu wa kukosekana. Lakini jua halimfai mtoto asiyetolewa nje. Mji wetu ni wa vichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa taabu, kuta za mawe ni ndefu na nene, na mwanga hufika chini karibu na adhuhuri tu. Mwenye kifafa, zaidi ya hayo, hufungiwa ndani: pengine kwa kuchelea asianguke majini gatini, hofu ambayo siwezi kumlaumu mzazi kwayo, na pengine kwa aibu, kwa kuwa bado tunao wanaosema mtoto huyo ana shetani. Hiyo ya aibu inaniuma kuliko yote, maana inamnyima mtoto wenziwe na jua kwa pamoja. Samaki wenye mafuta kama dagaa na jodari husaidia, na kiini cha yai pia, ila chakula peke yake ni nadra kutosheleza.

Ninachoiomba idara ya afya ya kaunti ni kwamba kila mtoto anayeandikiwa dawa hizi kwa muda mrefu aangaliwe miguu na mwendo wake kila anapohudhuria, na apewe vitamini D mapema pasipo kungojea kipimo cha damu ambacho zahanati nyingi hazina. Kwa kawaida mtoto aliyepita mwaka mmoja huhitaji yuniti 600 kwa siku, na anayetumia dawa hizi huenda akahitaji zaidi. Kiasi hicho akiamue daktari, kwa sababu vitamini D ikizidi sana huipandisha kalisi na kudhuru figo.

Nawasihi wazazi wenzangu wasije wakaiacha dawa ya kifafa kwa kusoma barua hii. Kuikatiza ghafla kwaweza kuleta mtukutiko usiokoma, ambao huua. Binti yangu anaendelea na fenobabitali yake, ameongezewa matone ya vitamini D kila asubuhi, na atapimwa tena baada ya miezi mitatu.

Mzazi,
Langoni, Lamu.