Magofu ya Kua yakaguliwe wakati wa masika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, na kupitia kwao wenye dhamana ya mambo ya kale nchini, jambo nililoliona mwezi wa Aprili uliopita katika Kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, ambalo sikuweza kurudi nalo nyumbani na kulinyamazia.

Tulikuwa marafiki wanne tuliosoma pamoja sekondari. Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri, tukaiacha barabara kuu pale Bungu na kushika njia ya Nyamisati, na kutoka huko tukavuka kwa boti hadi Kilindoni. Waliotuona na mabegi yetu yaliyofungwa kwa mifuko ya nailoni walitushangaa, kwa kuwa Mafia ina msimu wake unaojulikana: kuanzia Oktoba hadi Machi, papa potwe wanapoonekana karibu na Kilindoni, ndipo wageni hujaa, lakini masika yakianza, baadhi ya hoteli za upande wa Utende hufungwa na mashua nyingi huvutwa nchi kavu. Sisi tulikwenda wakati huo kwa sababu ndiyo likizo tuliyoweza kuipata pamoja, na tukakuta kisiwa kimetulia, njia ziko tupu, minazi inadondosha maji, na watu wana nafasi ya kuzungumza na mgeni bila haraka. Katika kisiwa jirani cha Chole tulitazama popo wale wakubwa walao matunda, wa jamii ile ile ya Visiwa vya Komoro, wakining'inia mitini huku wamejifunika mbawa kama watu waliojitanda makoti ya mvua. Tuliyapita pia majengo ya Wajerumani, ambao makao yao yalikuwa hapo Chole kabla ya kuhamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Lakini kilichonishikisha kalamu ni Kua.

Kwa wasiopajua, Kua ni mji wa mawe wa Waswahili uliokuwa kusini-magharibi mwa Juani, ukastawi sana katika karne ya 18, kisha ukavamiwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19 na kubaki mahame. Yamesalia misikiti, makaburi, nyumba na jumba kubwa la ghorofa ambalo wenyeji huliita jumba la mfalme. Wazee wa Mafia bado wanasimulia ugomvi wa watu wa Kua na watu wa Kisimani, kwa habari za kutisha za watoto waliolazwa chini ya jahazi lilipokuwa likishushwa baharini, na za kisasi cha karamu ya arusi kilichofuata. Mji wa Kisimani wenyewe, ulio upande wa pili wa kisiwa kikubwa cha Mafia, sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Kwa hiyo katika miji miwili ya simulizi hiyo, ni Kua peke yake ambayo mtu anaweza bado kuingia mlangoni mwake.

Tulifika kwa mashua wakati wa maji kujaa, mvua ikiwa imenyesha tangu usiku. Mzee aliyetuongoza alitutembeza polepole kati ya mibuyu, na tulipofika penye jumba kubwa mwenzetu mmoja akataka kupanda ngazi ya mawe apige picha. Mzee alimshika mkono akamwambia, "Shuka, mwanangu. Ngazi hii imechoka, na leo imekunywa maji." Kisha akatuita kwenye ukuta wa karibu tuone alichokuwa akikisema. Lipu ilikuwa imebanduka sehemu kubwa kama mlango, na katika maungio ya mawe ya matumbawe maji yalikuwa yakitoka taratibu, meupe kidogo, mfano wa maji yaliyooshea mchele. Niligusa chokaa iliyoshika mawe hayo, ikaja kidoleni kama unga uliolowa. Juu yake mti wa jamii ya mkuyu ulikuwa umeota kwenye kichwa cha ukuta na kuteremsha mizizi ndani ya ufa, na mzizi mmoja, mnene kuliko mkono wangu, ulikuwa umelisukuma jiwe la kizingiti mpaka likachungulia nje. Chini, kwenye matope, palikuwa na mawe yaliyoanguka karibuni, kwani upande uliovunjika ulikuwa bado mweupe bila kuvu.

Haya, Mhariri, mgeni wa Desemba hayaoni. Jua likiwaka, ukuta ule ule umekauka, umesimama wima, na kwenye picha unapendeza. Iwapo ukaguzi nao hufanywa nyakati ambazo safari ni rahisi, basi taarifa itaandikwa kwamba kuta zimesimama, na itakuwa imesema kweli ya siku ile tu. Maji huingia pale lipu ilipotoka, hulainisha chokaa, na chokaa ikilainika mizizi hupata njia. Masika yanayofuata huukuta ufa umepanuka na maji huingia zaidi. Ukuta hauangushwi na mvua ya siku moja, huangushwa na masika yaliyopita bila mtu kuja kutazama.

Wala sisemi kwamba kazi hii haiwezekani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa kuharibika vibaya, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kuta kukarabatiwa na wenyeji kushirikishwa katika kazi hiyo. Kua haina jina kubwa kama la Kilwa, lakini imejengwa kwa mawe yale yale na chokaa ile ile, na maradhi yake ni yale yale. Kinachofaa Kilwa kitafaa Juani.

Ninachoomba si kujengewa mji upya. Miti inayoota juu ya kuta ikatwe kila mwaka mwezi wa Februari, kabla ya masika, na ikatwe kwa msumeno bila kung'olewa, maana anayeng'oa mzizi huondoka na ukuta. Vichwa vya kuta vizibwe kwa chokaa, wala si kwa saruji, kwa kuwa saruji huwa ngumu kuliko jiwe na hufungia unyevu ndani. Na kwa kuwa Juani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, chokaa hiyo isichomwe kwa matumbawe yaliyo hai. Mawe ya nchi kavu yapo. Kazi ya kukata na kufyeka wapewe vijana wa Juani na Chole kwa malipo yanayojulikana na yanayolipwa kwa wakati. Vijana hao ndio tuliowakuta wamekaa barazani mashua zimelala, wakingoja Oktoba. Sehemu ya ada za wageni wanaofika kuyaona magofu ingetosha kuianza kazi, na mimi ningelipa zaidi ya nilicholipa kama ningejua kinakwenda kwenye msumeno na tanuri la chokaa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza mtu kuharibu majengo ya namna hii, na kweli hatukumwona mtu aliyeharibu chochote; waharibifu tuliowaona ni maji na mizizi. Nawaomba wenye dhamana waende Kua mwezi wa Aprili, bahari ikiruhusu, wavae mabuti, na wamwombe mzee yule awapeleke kwenye ukuta ule wa jumba kubwa wakati mvua inanyesha. Waweke kidole pale nilipoweka changu.

Ni mimi msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam